401(k) ya mfanyakazi wa duka kubwa Marekani: tangu siku ya kuajiriwa hadi siku ya kuondoka

Kazi yangu ya kwanza Marekani ilikuwa idara ya viatu vya kike, katika duka kubwa la ghorofa tatu. Siku ya mafunzo tulikalishwa mbele ya kompyuta, tukaambiwa tusome kurasa na kubofya "nakubali" mpaka mwisho. Nilibofya bila kusoma. Ukurasa mmojawapo ulihusu akiba ya uzeeni, nami nikaupita kama nilivyopita picha za njia za kutokea moto ukizuka. Nilikaa zaidi ya mwaka bila kuchangia hata senti, na duka nalo halikuniongezea hata senti. Miaka michache baadaye, nilipohamia jimbo jingine, nilipoteza tena. Hiyo nitaieleza mwishoni, kwa sababu ndiyo iliyoniuma zaidi.

Tangu hapo, ndugu yeyote akiniambia amepata kazi Macy's, Kohl's, JCPenney, Nordstrom au duka lolote la namna hiyo, awe ametoka kambi ya Nyarugusu, Eldoret au Tanga, nampongeza kisha namuuliza: karatasi za 401(k) umezisoma? Wengi hujibu, "Mimi nakatwa tayari, nimeona kwenye cheki." Wanachokiona ni Social Security, yaani NSSF ya huku: 6.2% ya mshahara, pamoja na 1.45% ya Medicare, bima ya afya ya wazee. Hiyo ni lazima kwa kila mtu. 401(k) ni akaunti nyingine kabisa, ya akiba ya uzeeni. Jina lake ni namba ya kifungu cha sheria ya kodi kilichopitishwa mwaka 1978. Unakatwa asilimia uliyochagua, inaingia kwenye akaunti yenye jina lako, inawekezwa, na mwajiri akiwa na mpango huo anakuongezea ya kwake.

Hatua ya 1: Uliza kabla wiki ya kwanza haijaisha

Nenda ofisi ya waajiri, hiyo wanayoiita HR, ukiwa na maswali manne. Naweza kujiunga lini? Duka linaongeza kiasi gani? Fedha za duka zinakuwa zangu kabisa baada ya muda gani? Mimi nimeingizwa kiotomatiki au natakiwa kujiandikisha mwenyewe?

Omba na kijitabu cha mpango. Kwa Kiingereza kinaitwa Summary Plan Description, nakuandikia jina hilo ili ulitamke hivyohivyo kwenye dirisha lao. Sheria ya ERISA ya mwaka 1974 inakupa haki ya kukipata, kwa hiyo hapo huombi fadhila. Kama Kiingereza chake ni kigumu, mpe kijana wako wa sekondari akusomee jioni moja. Kurasa zinazohusu mchango wa mwajiri na umiliki ni chache.

Kuhusu kuingizwa kiotomatiki, baadhi ya maduka huanza kukukata 3% au zaidi usiposema kitu. Mipango iliyoanzishwa baada ya mwisho wa mwaka 2022 kwa kawaida inalazimika kufanya hivyo tangu 2025, lakini ya maduka makubwa mingi ni ya zamani, hivyo usidhani. Fungua tovuti ya mpango, utazame.

Angalia pia jina na tarehe ya kuzaliwa. Ndugu wengi waliokuja kwa njia ya ukimbizi wameandikiwa Januari 1, na majina yao matatu yamepangwa kwa mtindo tofauti katika kila karatasi. Akaunti ya akiba isome sawasawa na kadi yako ya Social Security. Ukiliacha kosa leo kwa sababu ni herufi moja tu, watakaohangaika nalo ni wanao.

Hatua ya 2: Hesabu saa zako, hasa kama wewe ni wa muda

Hapa ndipo wafanyakazi wa maduka wanapoonewa na kutojua. Kazi nyingi za dukani ni za saa pungufu: saa 18 wiki hii, 25 wiki ijayo, na kuanzia Oktoba hadi Krismasi unafanya hadi miguu inavimba. Kwa miaka mingi mwajiri aliruhusiwa kumwacha nje ya mpango mtu asiyefikisha saa 1,000 kwa mwaka, yaani kama saa 20 kwa wiki. Akina mama waliofanya kazi dukani miaka kumi wakipangiwa saa 17 au 18 waliondoka mikono mitupu.

Sheria imebadilika. Tangu 2025, mtu aliyefikisha miaka 21 na kufanya kazi angalau saa 500 kwa mwaka, miaka miwili mfululizo, lazima aruhusiwe kuweka akiba katika mpango wa mwajiri wake. Saa 500 ni chini ya saa kumi kwa wiki. Angalizo: kwa kundi hili duka linalazimika kukufungulia mlango, lakini halilazimiki kukuongezea mchango wake. Hata hivyo, uliza, kwa maana mengine huongeza. Na kama duka lenu lina chama cha wafanyakazi, kanuni ya saa 500 haiwagusi walio chini ya mkataba wa chama, hivyo mwakilishi wa chama ndiye wa kumuuliza, naye huenda akakueleza kuhusu pensheni ya chama yenyewe.

Weka daftari. Payslipi ya mwisho ya kila mwaka inaonyesha jumla ya saa au jumla ya malipo. Ipige picha, uihifadhi. Meneja wa zamu hubadilika, mfumo wa kompyuta hubadilika, lakini picha yako itabaki.

Hatua ya 3: Chagua asilimia isiyopungua ile inayovuta mchango wote wa duka

Tuchukue mfano wa mtu anayelipwa dola 17 kwa saa, saa 30 kwa wiki. Kwa wiki mbili anapata dola 1,020, kwa mwaka dola 26,520. Tuseme mpango wa duka lake unaongeza dola kwa dola katika 3% ya kwanza, na nusu dola kwa kila dola katika 2% inayofuata. Ni kanuni inayotumika sana, ila ya kwako inaweza kuwa tofauti.

Akichangia 5%, anakatwa dola 51 kila cheki. Kwa kuwa makato hayo hufanyika kabla ya kodi ya mapato, kodi yake nayo inashuka kidogo, na mfukoni anapungukiwa na kama dola 46. Duka linaongeza dola 40.80. Kwa mwaka yeye ameweka 1,326 na duka limeweka karibu 1,061. Hata mchezo wa upatu haukupi hivyo. Katika upatu unapokea kile mlichotoa wenyewe kwa zamu, na hapa kuna mtu wa pembeni anayetia yake. Simwambii mtu aache upatu wala kutuma hela nyumbani, kwa kuwa ada ya shule ya mdogo wako haingoji. Ninachosema ni kwamba ile 5% ikikatwa kabla hujaiona, utapanga maisha kwa kilichobaki, kama unavyofanya tayari na Social Security.

Ukishindwa 5%, anza na 3%, ambayo katika mfano huu huvuta dola kwa dola. Kisha kila ukiongezewa mshahara, panda 1%.

Kuna na zawadi ambayo wahasibu wengi wa mtaani hawaitaji. Inaitwa Saver's Credit, na ni punguzo la kodi kwa mtu wa kipato cha kawaida aliyeweka akiba. Kwa mwaka 2025 asiye na ndoa anahusika kama mapato yake hayazidi dola 39,500, na wanandoa wanaowasilisha pamoja hadi 79,000. Punguzo ni 50%, 20% au 10% ya ulichoweka, nacho huhesabiwa hadi dola 2,000 kwa kila mtu. Yule wa mfano wetu, asiye na ndoa wala mtegemezi, angeangukia 20%, ambayo ni dola 265. Fomu yake ni 8880. Mtaje namba hiyo anayekujazia ritani. Punguzo hili hupunguza kodi unayodaiwa lakini haliwezi kuzidi kodi hiyo, na mwanafunzi wa masomo ya muda wote halipati. Kuanzia mwaka wa kodi 2027 linageuzwa kuwa mchango wa serikali unaoingizwa moja kwa moja kwenye akaunti yako ya akiba.

Hatua ya 4: Kabla ya kodi, au Roth

Utaulizwa. Kawaida hukatwa kabla ya kodi, nawe ukaja kulipa kodi uzeeni unapotoa. Roth hukatwa baada ya kodi, na uzeeni unatoa bila kodi ukitimiza masharti. Kijana mwenye mshahara mdogo leo anayetarajia kupanda baadaye afikirie Roth. Kwa wengi wetu tuliobaki tofauti si kubwa, na kuchelewa kuanza kwa sababu ya swali hili ni hasara kuliko jibu lolote.

Hatua ya 5: Ona fedha zinakaa wapi

Ukijiunga bila kuchagua, aghalabu wanakuweka katika mfuko wenye mwaka ndani ya jina lake, kwa mfano 2055. Chagua mwaka unaokaribia ule utakaotimiza miaka 65 au 67. Mfuko huo hushika hisa nyingi ukiwa kijana, kisha hupunguza wenyewe kadiri unavyozeeka. Kwa mtu anayesimama saa nane kwenye kaunta na bado ana watoto wa kulaza, ni chaguo la heshima kabisa.

Ila tazama ada. Wizara ya Kazi ya Marekani ina mfano wake: mtu mwenye dola 25,000, amebakiza miaka 35 kustaafu, haongezi kitu tena, na uwekezaji unakua 7% kwa mwaka. Akikatwa ada ya 0.5% ataishia na kama dola 227,000. Akikatwa 1.5% ataishia na kama 163,000. Asilimia moja imemeza zaidi ya robo ya uzee wake. Kwenye tovuti ya mpango, ada imeandikwa pembeni ya kila mfuko kama expense ratio. Ikiwa mifuko miwili inafanana, chukua yenye namba ndogo.

Usirundike akiba kwenye hisa za duka lenyewe. Najua unalipenda duka lako, na meneja atasema sisi ni familia. Sears ilianza mfuko wa wafanyakazi wake mwaka 1916, ukanunua hisa za Sears kwa wingi, na kwa vizazi kadhaa wapo wauzaji wa kawaida waliostaafu na mali. Oktoba 2018 Sears hiyohiyo ilikwenda mahakamani kuomba ulinzi wa kufilisika. Mtu mwenye kazi na akiba katika kampuni moja huamka asubuhi moja akiwa hana vyote viwili. Sheria inakuruhusu kuhamisha mchango wako mwenyewe kutoka hisa za kampuni iliyo kwenye soko la hisa kwenda mfuko mwingine.

Hapa niwatoe watu hofu moja. Duka likifilisika, 401(k) yako haizami nalo. Fedha zinashikiliwa kwa amana, mbali na mali ya kampuni, na wadai wa duka hawawezi kuzigusa.

Kwa Waislamu wanaosumbuliwa na riba: mifuko ya kawaida hushika hati za mikopo na hisa za mabenki. Uliza kama mpango wenu una dirisha la kuchagua mifuko ya nje, mahali unapoweza kununua mifuko iliyochujwa kwa misingi ya Kiislamu kama ile ya Amana, iliyopo tangu miaka ya 1980. Kama hakuna, pengine mfuko wa hisa tupu utakuwa karibu zaidi na unachotaka kuliko ule wa mchanganyiko. Hilo mpelekee shehe wako ukiwa na orodha ya mifuko mkononi, maana akiona karatasi atakujibu vizuri zaidi kuliko akisikia maelezo.

Hatua ya 6: Andika mnufaika, na urudi kumwandika upya

Kama una ndoa, mwenzi wako ndiye mrithi wa 401(k) kisheria, isipokuwa amekubali kwa maandishi yaliyothibitishwa apewe mwingine. Haijalishi kama mkeo bado yuko Kigoma anasubiri viza. Kama mlioana na kwenye fomu uliandika huna ndoa kwa sababu cheti kilibaki nyumbani, rekebisha.

Ukiachana na mtu, ingia ubadilishe siku hiyohiyo. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mfanyakazi wa DuPont aliyefariki bila kubadilisha fomu. Aliyekuwa mke wake alishaachia haki hiyo kwenye hati ya talaka, na bado fedha zilikwenda kwake, kwa kuwa mpango hufuata jina lililo kwenye fomu. Wosia wala ahadi mbele ya wazee haviishindi fomu hiyo.

Hatua ya 7: Soma payslipi

Mara mbili au tatu kwa mwaka, linganisha makato kwenye payslipi na yaliyoingia kwenye akaunti. Mwajiri anatakiwa kuyapeleka mapema iwezekanavyo, na asipitishe siku ya 15 ya kazi ya mwezi unaofuata. Ukiona umekatwa na akaunti haikupanda, uliza kwa maandishi. Usipojibiwa, piga simu EBSA, ofisi ya Wizara ya Kazi inayosimamia mafao ya wafanyakazi, 1-866-444-3272. Ni bure. Januari, kwenye fomu W-2, ile ya mshahara na makato ya mwaka mzima, tazama kisanduku cha 12: herufi D ndiyo makato yako ya kabla ya kodi, AA ni ya Roth.

Hatua ya 8: Ukibanwa na shida

Kabla hujavunja akiba, uliza kama mpango unatoa mkopo. Unaweza kukopa hadi nusu ya kilicho chako, kisizidi dola 50,000, ukarudisha kwa makato ndani ya miaka mitano. Riba inarudi kwenye akaunti yako mwenyewe. Hatari yake ni ukiacha kazi na deni halijaisha: usipolifidia hadi siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya mwaka huo, linahesabiwa kama fedha ulizotoa, na kodi na faini ya kutoa mapema vinafuata.

Mipango mingine tangu 2024 inaruhusu kutoa hadi dola 1,000 kwa mwaka kwa dharura bila faini ya 10%. Kwa tiketi ya msiba ghafla nyumbani hiyo inatosha kuanzia.

Hatua ya 9: Siku ya kuondoka

Sasa nirudi kwenye hasara yangu. Nilikuwa na miaka 31, tumehama kwa ajili ya kazi ya mume wangu. Barua ya mpango ikaja na visanduku vya kuchagua, nami nikatia alama kwenye cha taslimu. Akaunti ilikuwa na dola 4,200. Walikata 20% ya kodi juu kwa juu, nikapokea hundi ya 3,360, ikaishia kwenye dipoziti ya nyumba na magodoro. Msimu wa ritani ulipofika nikaambiwa nadaiwa faini ya 10%, dola 420, kwa kuwa sijafikisha miaka 59 na nusu. Zile 4,200, kama zingeachwa zikue 6% kwa mwaka hadi nifike miaka 65, zingekuwa zaidi ya dola 30,000. Ninazihesabu mpaka leo.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza, kabla hujatoa notisi, tazama umiliki wako; kwenye skrini neno ni vested. Ulichokatwa wewe ni chako chote siku zote. Mchango wa duka unaweza kuwa wako papo hapo, au wote baada ya miaka mitatu, au kidogokidogo: 20% mwaka wa pili, 40% wa tatu, hadi 100% mwaka wa sita. Nimemwona mwenzangu wa idara ya manukato akiacha kazi wiki tano kabla ya kutimiza mwaka wake wa tatu. Alikuwa na sababu nzuri ya kuondoka, ila hakujua kwamba wiki tano zile zilikuwa na bei.

Pili, mwenye miaka 55 au zaidi katika mwaka anaoacha kazi, anaweza kutoa kutoka mpango wa duka hilo bila ile faini ya 10%. Akihamishia IRA, yaani akaunti ya akiba ya uzeeni unayojifungulia mwenyewe nje ya mwajiri, anaipoteza nafuu hiyo. Dada zangu wa umri huu, msiharakishwe na mtu wa benki.

Tatu, kwa wengine, hamisha moja kwa moja kwenda 401(k) ya kazi mpya au IRA. Maneno ya kusema kwenye simu ni direct rollover. Hundi iandikwe kwa jina la taasisi mpya kwa manufaa yako. Ikiandikwa kwa jina lako, 20% inakatwa, na una siku 60 tu za kuipeleka inakotakiwa, ukijazia ile 20% kutoka mfukoni.

Nne, usiiache akaunti ndogo ikiwa yatima. Chini ya dola 7,000 mpango unaweza kuihamishia IRA wanayoichagua wao, na ikiwa 1,000 au pungufu wanaweza kukutumia hundi kwa anwani ya zamani. Sisi tunaohama kutoka Texas kwenda Iowa kufuata kazi na ndugu, barua hazitupati. Badilisha anwani kwenye tovuti ya mpango kabla hujabadilisha ya posta, na weka imeili yako binafsi badala ya ile ya kazini.

Ukirudi kuishi nyumbani moja kwa moja, akaunti inaweza kubaki huku na kuendelea kukua. Asiye raia wala mkazi wa Marekani tena, anapotoa fedha hukatwa kwa kawaida 30% mapema, na Kenya, Tanzania na Kongo hazina mkataba wa kodi wa kuipunguza. Anaweza kuwasilisha ritani ya 1040-NR kudai kilichozidi. Kabla ya kupanda ndege, hakikisha namba ya simu inayopokea misimbo ya usalama itaendelea kufanya kazi ukiwa Bukavu au Mombasa. Watu wanafungiwa nje ya akaunti zao wenyewe kwa sababu laini ya simu ya Marekani imekatwa.

Na kama umewahi kufanya kazi kwenye duka lililokwisha kufungwa, au hukumbuki kama ulijiunga, tangu Desemba 2024 Wizara ya Kazi ina hifadhidata iitwayo Retirement Savings Lost and Found. Unaingia kwa akaunti ya Login.gov na namba yako ya Social Security, inakuonyesha mipango iliyohusishwa na jina lako. Kaa na payslipi zako za zamani pembeni, au W-2 ya mwaka wowote uliofanya kazi pale. Kisanduku cha 13 kikiwa na alama kwenye maneno "Retirement plan", ulikuwa ndani ya mpango mwaka ule, na una pa kuanzia kuuliza.